Joto la Tanuri la Pili

Siku hiyo Bupe hakubisha hodi. Alikuja mbio kwenye ujia wa Nyumba ya Tando, akausukuma mlango wa chumba cha hadubini kwa bega, na kisahani cha kioo alichokishika hakikutikisika hata kidogo. Anyitike, fundi mkuu wa matanuri, alikuwa amejiinamia juu ya kikombe cha chai. Alipouona uso wa Bupe alikiweka kikombe chini taratibu.

“Dada Bupe, za asubuhi…”

“Usinisalimie, Anyitike. Njoo uangalie.”

Ndani ya kisahani mlikuwa na utando mmoja, mdogo kuliko ukucha wa kidole cha mwisho. Wiki iliyopita ulikuwa ndani ya moyo wa binti mmoja wa Vwawa, Sikuzani jina lake, aliyeanguka darasani akiwa anafuta ubao. Mpaka walimu wanamfikisha hospitali, moyo ulikuwa umeshanyamaza. Jana wamemzika. Na leo, kwa utaratibu wa siku zote, hospitali imeurudisha utando kwa waliouotesha, pamoja na maelezo makavu kwamba haukufanya kazi. Haukufanya kazi! Utadhani wanaongelea pasi ya umeme.

Bupe alikiweka kisahani chini ya hadubini na picha ikajaa kwenye skrini. Anyitike alisogea.

“Fuwele zake nene,” alisema. “Zimejipanga vizuri. Mbona huu ni mzuri, dada?”

“Mzuri sana. Sasa soma potasiamu. Shuka mpaka tabaka la chini kabisa, linaloshika kisahani cha kukuzia.”

Anyitike aligusa skrini, akashuka, akasoma. Akarudia kusoma. “Mungu wangu.”

“Sema.”

“Imepungua. Na sodiamu pia. Huku chini pametoboka toboka.”

Utando wa moyo hauchongwi wala haumiminwi, unakuzwa. Ndani ya tanuri lililonyonywa hewa yote, chembe za potasiamu, sodiamu na niobiamu zinarushwa juu ya kisahani chenye moto, zinatua, zinajipanga safu kwa safu. Kisahani kikiwa na joto dogo, kila chembe inakaa pale ilipoangukia na utando unakuwa fujo tupu. Kikizidi joto, chembe zinajipanga vizuri ajabu, fuwele zinanenepa, lakini potasiamu na sodiamu hazivumilii. Zinapaa na kwenda zao, na nafasi zao zinabaki wazi. Kwenye nafasi hizo ndiko umeme unakoanza kuvuja, na hauvuji siku ya kwanza. Siku ya kwanza utando kama huo unapiga kipimo cha umeme cha kukuliza machozi ya furaha. Unakuja kuvuja baada ya moyo kuukunja mara milioni na mamilioni, mtoto akiwa ameshasahau kwamba aliwahi kuumwa.

“Mimi nakuza kwa nyuzi mia sita na ishirini,” Bupe alisema. “Wewe unajua. Huu umekuzwa kwa nyuzi ngapi?”

“Huu ni wa tanuri la pili, dada.”

“Sijakuuliza wa tanuri gani, alama naiona. Nyuzi ngapi?”

Anyitike alikitazama kikombe chake. “Mia sita na tisini.”

“Tangu lini?”

“Dada, mimi nilijua unajua.”

“Tangu lini, Anyitike?”

“Tangu mwaka ule Tuse anafanyiwa upasuaji. Profesa hajawahi kushusha.”

Bupe alishika ukingo wa meza. Utando uliokuwa moyoni mwa Tusekile, mtoto wake wa pekee, haukutoka tanuri la kwanza analolisimamia yeye. Ulitoka la pili. Ulikuwa zawadi ya babu yake.

Babu huyo ni Profesa Ambakisye Mwasote, na jina hilo Mbeya lilikuwa halitajwi mtu akiwa ameegemea kiti. Enzi za utoto wake, vifaa vya kusaidia mioyo mibovu vilikuwa na madini ya risasi ndani yake, na risasi hiyo iliyeyushwa kwenye vibanda vya uani mpaka watoto wa mitaa mizima wakakua na matumbo yanayouma na vichwa visivyoshika kitu. Profesa alimzika kaka yake kwa sababu hiyo. Alipokua akaja na tando hizi zisizo na risasi hata chembe, zisizotaka betri, zinazopata umeme kwenye pigo la moyo wenyewe na kuurudishia moyo huo huo ili upige tena. Leo ukikutwa na kijiko kimoja cha risasi unafungwa, na sheria hiyo ni kazi ya mikono yake.

Na alikuwa baba mkwe wa Bupe. Katika ukoo wa akina Mwasote, mke wa mwana hasimami mbele ya baba mkwe, hamtazami usoni, hasemi naye. Watu wengine wa mji walishaiacha desturi hiyo, imebaki ya kuchekea harusini. Akina Mwasote hawakuiacha, waliijengea jengo. Nyumba ya Tando ilikuwa na mabawa mawili, moja la Profesa na tanuri lake la pili, jingine la mkwe wake na tanuri la kwanza. Profesa akitoka, taa za ujia ziligeuka za njano, na Bupe aliingia chumba chochote kilicho karibu akasubiri mzee apite. Wageni walizipiga picha taa zile na kusema, loo, heshima hii. Bupe mwenyewe alikuwa amezoea, na tusimsingizie, alikuwa anaipenda. Mkwe asiyeweza kukufokea ana raha yake. Kazi ikihitaji maneno, maneno yalipitia kwa mume wake, Lusajo.

Na Bupe alikuwa amesema! Hilo ndilo lililomchemsha damu. Mwaka ule, Tuse akiwa kitandani hospitalini na mirija puani akisubiri upasuaji, Anyitike alimdokeza kwamba Profesa anafikiria kupandisha joto. Bupe alimvuta Lusajo pembeni palepale wodini. “Mwambie baba asithubutu,” alimwambia. “Kipimo cha kwanza kitapendeza, halafu baada ya miaka michache zitaanza kuvuja ndani ya watoto. Mwambie hivyo hivyo.” Lusajo alikwenda, akarudi, akasema: “Baba amekuelewa.”

Sasa Bupe alivuta kiti mbele ya skrini akafungua kipimo cha Tusekile. Kila mtoto mwenye utando alivaa bangili mkononi, na bangili ilituma habari za moyo wake hapo kituoni siku nzima. Mstari wa Tuse ulikuwa wa kijani. Wa Sikuzani nao ulikuwa wa kijani mpaka asubuhi ile alipoanguka, kwa sababu mashine ilifundishwa kupaka kijani mpaka pale mambo yanapokuwa yameshaharibika. Bupe aliiondoa rangi, akaziweka namba zenyewe mbili mbili, za aliyekufa na za aliye hai. Zilifuatana. Za Tuse zilikuwa nyuma kwa miezi, siyo miaka.

“Wako wangapi?” aliuliza bila kugeuka.

“Wa tanuri la pili? Wanapita elfu moja, dada.”

Bupe alikichukua kisahani chake akatoka.

*

Lusajo Mwasote alikuwa msemaji wa Nyumba ya Tando, na kazi ile alizaliwa nayo. Sura ya upole, sauti ya kubembeleza, neno la kumfaa kila mtu. Bupe alimkuta anatembea huku na huku ofisini, anajisomea kwa sauti.

“‘…tunaungana na familia katika kipindi hiki kigumu.’ Mama Tuse, afadhali umekuja. Nisikilize hizi rambirambi za Vwawa, uniambie kama…”

“Ulimwambia nini baba?”

“Lini?”

“Tuse akiwa wodini. Nilikutuma ukamwambie asithubutu kupandisha joto. Ulimwambia nini?”

Lusajo alitabasamu kwanza, ndiyo tabia yake. Halafu akakiona kisahani, na tabasamu likabaki peke yake usoni bila mwenyewe.

“Bupe, lile neno ‘asithubutu’, mtu humpelekei mzee neno kama lile.”

“Sikukuuliza kama linapelekeka. Ulimpelekea nini?”

“Nilimwambia mkwe wako anakusalimu. Anashukuru kwa utando unaomkuzia mtoto. Nikasema ana wasiwasi kidogo juu ya joto.”

“Wasiwasi kidogo.”

“Akaniuliza, kidogo kiasi gani? Bupe, wewe hukumwona siku ile. Kipimo cha majaribio ya joto lile kilikuwa kimetoka, hakuna nchi iliyowahi kupata kipimo kama kile, mzee anacheka peke yake kama mtoto. Sikuwahi kumwona vile tangu mama afariki. Nikasema… nikasema si kitu, baba, ni maneno ya mama mwenye mtoto mgonjwa.”

Bupe alimtazama mtu huyu aliyelala naye kitanda kimoja miaka yote hii. Aliyemmenyea ndizi, aliyemshika mkono usiku wa upasuaji. Alikinyanyua kiti kilichokuwa karibu akakipiga ukutani, mguu mmoja ukakatika ukaruka mpaka dirishani.

“Na kwangu ukaja kusema amenielewa!”

“Nilikuwa nalinda amani ya nyumba!”

“Amani ya nani? Ya Sikuzani? Mtoto wa watu yuko kaburini, Lusajo, kwa sababu hukutaka baba yako anune! Miaka yote umekuwa unanipaka mafuta kwa mgongo wa chupa, mimi huku, yeye kule, na katikati wewe unakaa unapendwa na wote!”

“Punguza sauti, watu watasikia.”

“Wasikie!” Alimsukumia kisahani kifuani. “Unajua hii ni nini? Huu ndio ule utando. Na mwenzake upo kwenye moyo wa binti yako, na umeshaanza kuvuja. Hebu nilainishie na hilo.”

Alikivuta tena kisahani kabla Lusajo hajakishika. Bupe alikwisha fika mlangoni, na badala ya kugeukia kushoto, kwenye bawa lake, alipinda kulia.

*

Katikati ya ujia taa ziligeuka njano. Bupe aliendelea kutembea. Wafanyakazi wawili waliokuwa wanapita na toroli walisimama, mmoja akamfungulia mlango wa stoo ili ajifiche, maskini, alidhani anamsaidia. Bupe alimpita.

Profesa alitokea kwenye kona akiwa na fimbo yake na koti jeupe. Alimwona mkwe wake anakuja uso kwa uso, na akafanya kile ambacho mtu mwenye adabu zake angefanya: aligeukia ukutani akajifunika kichwa kwa pindo la koti.

“Lusajo!” aliita akiwa humo ndani. “Mwiteni Lusajo!”

“Hakuna Lusajo, baba. Geuka.”

“Mwanamke huyu amepatwa na nini?”

“Geuka unitazame. Tanuri lako limeua mtoto.”

Pindo la koti lilishuka. Bupe hakuwahi kuliona jicho la mkwe wake kwa karibu. Lilikuwa jekundu, la uzee, na lilikuwa na hasira kama yake.

“Umesema nini?”

“Nimesema tanuri lako limeua mtoto, na yapo maelfu ya vipimo ya kukuonyesha kwamba litaua wengine. Mia sita na tisini, baba! Wewe uliyetufundisha sote jinsi potasiamu inavyopaa, ukaenda kupandisha mpaka mia sita na tisini!”

“Nilifidia!” Profesa alipiga fimbo sakafuni. “Unaniona mjinga? Niliongeza potasiamu na sodiamu kwenye tofali lenyewe chembe zinakotoka, ili zinazopaa zifidiwe. Nilipima! Juu ya utando hapakupungua kitu!”

“Juu. Chini je?”

Alimpa kisahani. Walikuwa wamesimama mlangoni pa tanuri la pili, mahali ambapo mguu wa Bupe haukuwahi kukanyaga. Mzee aliingia, akauweka utando chini ya hadubini yake mwenyewe, akainama. Alikaa ameinama muda mrefu. Bupe aliangalia chumba kile, safi kama jiko la mgonjwa wa usafi, na lile tanuri likinguruma polepole na namba yake nyekundu usoni: 690. Alijizuia asilipige teke.

“Tabaka la kwanza,” Profesa alisema hatimaye, bila kunyanyuka. “Lilipotua, kisahani kilikuwa na moto wote na hakuna kitu juu yake cha kuzuia. Yale ya juu yakajaa, na chini pakabaki…” Hakumalizia. “Nilimuuliza Lusajo mara tatu. Nilimwambia, mkwe wangu analijua joto kuliko mimi, anasemaje? Akaniambia umefurahi.”

“Najua alichokuambia.”

“Ungekuja ukaniambia mwenyewe!”

“Ningepitia wapi, baba?” Sauti ya Bupe ilipasuka. “Nipitie wapi? Taa hizo nilizifunga mimi? Ulijua nipo upande wa pili wa ukuta, unataka kujua ninasema nini, ukaona afadhali umuulize mtu asiyejua sodiamu na sukari! Na mimi vilevile, nikaona afadhali. Tumeheshimiana mpaka tumezika mtoto.”

Profesa alikaa kwenye kigoda. Koti lilimzidi ghafla. Halafu akanyanyua kichwa, na Bupe alijua anachotaka kuuliza kabla hajauliza.

“Tuse?”

“Unavuja.”

Mzee alifumba macho. Alipoyafumbua sauti yake ilikuwa nyingine, ya chini, ya mtu anayepanga jambo.

“Ghalani zipo tando za tanuri lako.”

“Hazifiki hamsini.”

“Mtoto wetu anahitaji mmoja. Nikimpigia simu daktari mkuu sasa hivi, saa nane atakuwa mezani. Kesho tutatangaza.”

“Kesho.”

“Siku moja tu, mama. Ukitangaza leo, foleni itapangwa kwa vipimo, aliye hoi ndiye wa kwanza, hiyo ni sheria na hata mimi siwezi kuipinda. Tuse kipimo chake bado hakijafika pabaya. Atawekwa nyuma ya mamia. Hizo hamsini zitakwisha hata jina lake halijakaribia, na tanuri lako linatoa tando chache mno kwa wiki. Unanielewa? Huenda zamu yake isifike.”

Bupe alielewa. Na tusidanganyane hapa: alitaka kusema ndiyo. Mwili mzima ulitaka. Alimwona Tuse asubuhi ile akigombana na soksi zake, akisema hii ya kushoto inanionea. Kama kuna mama anayesoma haya na kusema yeye angekataa papo hapo bila kusita, huyo hajawahi kukaa wodini na mtoto. Neno lilikuwa limeshafika kwenye ulimi wa Bupe. Alichokuwa anasubiri ni pumzi ya kulitolea.

Lusajo alitokea mlangoni, macho mekundu. Alikuwa amesikia.

“Mkubalie baba, Bupe,” alisema kwa ile sauti yake. “Nakuomba. Ni siku moja. Mimi usiku huu nitakaa nitafute maneno mazuri ya kuwaambia wazazi kesho, maneno ambayo hayatawatia hofu…”

“Maneno mazuri,” Bupe alisema.

“Ndiyo. Kwa taratibu.”

Pumzi ilitoka, lakini bila lile neno. Bupe aliwatazama, baba na mwana, wote wawili wanampenda mtoto wake, wote wawili wako tayari watoto wa watu wapitishe usiku mmoja zaidi na bangili za kijani mikononi. Usiku mmoja, wengine watacheza mpira, wengine watalala, na asubuhi mmoja wao ataamka afute ubao.

“Baba, fungua sauti ya bangili.”

Sauti ya bangili ilikuwa njia ya dharura. Kiganja cha Profesa tu ndicho kilichoifungua, na ikifunguliwa kila bangili nchini inasema, iwe shambani, iwe kanisani.

“Bupe, mfikirie mwanao,” Lusajo alilia.

“Ninamfikiria tangu asubuhi, usinifundishe! Baba, fungua. Au nitoke nje nikapige kelele barabarani, na watu wakiuliza ni nani aliyeninyima sauti ya bangili, nitawatajia.”

Profesa aliutazama mkono wake mwenyewe kama mtu anayetafuta kasoro. Kisha akauweka juu ya sahani ya ukutani. Bupe akasogea.

“Naitwa Bupe Mwasote,” alisema. “Nakuza tando kwenye tanuri la kwanza. Mtoto wako akiwa na utando wa tanuri la pili, angalia alama mgongoni mwa bangili, mpeleke hospitali leo. Siyo kesho. Tando hizo zilikuzwa kwa joto lililozidi na zinavuja. Rangi ya kijani usiiamini. Mtoto mmoja ameshakufa, Sikuzani wa Vwawa, na kosa ni letu hapa, siyo la mwalimu wake wala la mama yake. Tando za kubadilishia hazitoshi kwa wote. Wataanza walio hoi zaidi. Mwanangu mwenyewe ni mmoja wa hao wa tanuri la pili, na ataingia foleni. Mkasirike mtakavyo, lakini njooni.”

*

Walikuja, na walikuwa wamekasirika. Kufikia alasiri ujia wa hospitali ya watoto ulikuwa haupitiki. Baba mmoja aliyevaa buti za shambani alimshika Lusajo ukosi akamtikisa mpaka vifungo vikaruka, na Bupe, aliyekuwa hatua chache tu, hakuingilia. Mama mmoja alimwendea yeye Bupe, akamtemea mate miguuni, akaondoka. Bupe aliuacha mguu kama ulivyo. Angekuwa yeye, angelenga usoni.

Tusekile alikaa kwenye benchi katikati ya wazazi wake, ananing’iniza miguu. Upande wa pili wa ujia alikaa Profesa. Alikuwa amekaa hapo tangu saa saba, fimbo kati ya magoti, na benchi lote lilikuwa tupu kushoto na kulia kwake, ijapokuwa watu walikuwa wamesimama kwa kukosa pa kukaa.

Nesi alitokea na orodha. Akapitisha macho kwa watu, akamwona mzee, akainamisha kichwa kidogo kwa adabu.

“Mjukuu wa Profesa, karibu. Daktari amesema aanze yeye.”

Lusajo alishasimama, mkono wa Tuse ndani ya mkono wake.

“Kipimo chake ni cha ngapi kwenye hiyo foleni?” Bupe aliuliza.

Nesi alisita. “Ni… mama, daktari amesema…”

“Cha ngapi?”

“Cha mia nne na kitu.”

“Na wa kwanza ni nani?”

Nesi aliangalia orodha. Alikuwa mtoto wa miaka mitatu hivi mgongoni mwa msichana mwembamba aliyesimama karibu na choo, midomo ya mtoto imeshaanza kugeuka rangi. Msichana yule alimtazama Bupe, na jinsi alivyomtazama, afadhali angetukana.

“Muingize huyo,” Bupe alisema. Akageuka kuelekea ujia mzima. “Na nesi, mwambie daktari wako, akimwita tena mwanangu kabla ya zamu yake, nitakuja humo ndani mimi mwenyewe. Mmesikia? Hatukuwaita hapa tuje kuwadanganya mara ya pili!”

Yule msichana aliingia mbio, mlango ukafungwa nyuma yake. Bupe alikaa. Lusajo naye alikaa.

“Baba,” Tusekile alisema, “si wameniita? Mbona siingii?”

Lusajo alimtazama mke wake. Bupe hakumsaidia. Aliangalia mbele na kuuma meno, na akaapa moyoni kwamba mwanamume huyu akimwambia mtoto ‘hivi punde, mama’, ndoa imekwisha hapo hapo kwenye benchi.

“Kwa sababu…” Lusajo alimgeukia mtoto. “Kwa sababu wapo watoto wanaoumwa kuliko wewe, mama. Wanatangulia wao.”

“Halafu mimi?”

“Sijui.” Machozi yalikuwa yanamtiririka na hakuyafuta. “Tando nzuri hazitoshi. Zikikuzwa nyingine haraka, utapata. Zisipokuzwa, sijui kama utapata. Sijui, Tuse.”

Mtoto alifikiri. Alikuwa na macho ya babu yake, na alikunja uso vilevile.

“Nani anazikuza?”

“Mama yako. Na babu.”

“Babu yule pale amekaa.”

“Ndiyo.”

“Mwambie basi akakuze.”

Bupe aligeuka. “Mwambie mwenyewe.”

Tusekile aliteremka kwenye benchi. Alipenya katikati ya magoti ya watu, akasimama mbele ya Profesa Ambakisye Mwasote, mikono kiunoni, na sauti yake nyembamba ilisikika mpaka kwenye ngazi.

“Babu! Tando hazitoshi, na wewe umekaa!”

Mzee alimtazama mjukuu wake, kisha bangili yake, kisha watu wale wote waliosimama. Alijiegemeza kwenye fimbo akanyanyuka, ikamchukua muda. Akavuka ujia, wazazi wakimpisha kama anayenuka, mpaka akafika mbele ya mkwe wake, akamtazama machoni mbele ya kadamnasi.

“Bupe,” alisema. Hakuwahi kulitamka jina hilo. “Nikishusha la pili, liwe sawa na lako. Nyuzi ngapi?”

“Mia sita na ishirini, baba.”

“Kipimo cha siku ya kwanza kitakuwa kidogo. Watasema tumeshindwa.”

“Waache waseme. Na usiharakishe.”

“Watoto wanasubiri.”

“Najua wanasubiri!” Alisimama, wakawa wanatazamana, na hasira yote ya siku ile ilikuwa bado ipo, haikupungua hata punje. “Wa kwangu yumo. Mia sita na ishirini, baba, na utakapotamani kuongeza hata moja, nifuate uniulize mimi.”